Namba Niliyoigonga kwenye Baiskeli ya Kabula

Ukiuliza hapa Mwanza nani aliyemgundua Kabula, andaa viti vya kutosha. Mwenyekiti wa chama chetu cha baiskeli alimgundua. Diwani mmoja alimgundua. Mama anayeuza soda pale tunapomalizia mashindano alimgundua mara mbili, na mara ya pili alikuwa na mashahidi. Hata trafiki aliyewahi kumsimamisha kwa kukosa kengele anasema siku ile aliona kitu machoni mwake. Alichokiona ni binti aliyechelewa kupeleka mayai, lakini tumwache, naye ana wajukuu wa kuwasimulia.

Mimi sikumgundua. Mimi nilikaribia kumuua, kwa nyundo ndogo na adabu nyingi. Sasa nimestaafu, nimeshakabidhiwa saa ya ukutani, na hakuna tena wa kunikataza kusema. Saa yenyewe ina picha ya Mwenyekiti katikati, mishale inamtokea puani. Mke wangu ameitundika stoo, juu ya gunia la mihogo, na inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ninyi vijana mliobaki na funguo za karakana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Najua mlitaka kusikia habari za kunyoosha ringi. Zitakuja. Habari za vyeo msizisubiri, maana nilianza fundi nikaishia fundi.

Nilitoka Nansio na mfuko mmoja wa nguo na mdomo mkubwa. Nilijiona fundi tayari, kwa sababu niliwahi kurekebisha baiskeli ya katekista na ikafika kanisani. Mjini nikapokelewa na Mzee Bwire, Mjita mfupi aliyekuwa na kibanda chake Nyamagana, nyuma ya soko. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa gurudumu moja na kuniambia nipige spoku kwa ukucha, mojamoja, nisikilize. Nikapiga mpaka saa sita mchana.

“Unasikia nini?” akaniuliza.

“Nasikia chuma, mzee.”

“Basi rudi Nansio ukavue dagaa.”

Kesho yake nikarudi kibandani, si Nansio. Nilipiga spoku wiki nzima, wateja wananicheka, ukucha umekuwa mweusi, hadi siku niliposikia moja imelia tofauti na wenzake. Nilipomwonyesha, Bwire hakunisifu. Alisema tu, “Baiskeli inasema yenyewe mahali ilipoumia. Kazi yako ni kufunga mdomo uisikie.” Kwangu mimi Mkerewe niliyezaliwa nikiongea, hilo lilikuwa somo gumu kuliko yote. Nililishika vizuri mno, kama mtakavyoona, nikafunga mdomo siku ambayo haikutakiwa.

Basi na ringi ndiyo hiyo. Mkitaka kuinyoosha, kaza kidogo, sikiliza, kaza kidogo. Anayekaza kwa hasira ananyoosha upande mmoja na kupinda upande wa pili, kisha anamwambia mteja barabara ni mbaya.

Bwire alipofariki aliniachia vitu viwili. Kimoja ni fremu ya chuma ya baiskeli ya mashindano, nyembamba, ya zamani, aliyoipata kwa padri mmoja na kukataa kumuuzia mtu. Cha pili ni kopo la vyuma vya kugongea namba, vile unavyoweka juu ya chuma na kupiga nyundo, namba ikabaki humo milele. Sita ilishapotea, tukawa tunageuza tisa.

Kopo hilo ndilo lililonipa ajira ya chama. Walihitaji fundi ambaye pia atatunza stoo, na mwenye stoo lazima agonge namba. Sababu ya kugonga namba ilikuwa baiskeli moja ya chama iliyopotea, ikaja kuonekana Ukerewe imebeba mkaa, inaendeshwa na shemeji wa kiongozi mmoja. Kiongozi akasema zinafanana. Tangu siku hiyo ikapitishwa kwamba kila mali ya chama igongwe namba. Nikagonga baiskeli, pampu, viti, birika la chai, na fimbo ya bendera. Kuku wa sherehe nadhani waliponea kwa kuwa walichinjwa mapema.

Mashindano yetu mnayajua. Tangazo linasema saa moja asubuhi. Waendeshaji wanafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, wamekula viazi, misuli imepata moto. Mgeni rasmi anafika saa tano. Hapo jua limeshakaa utosini, viazi vimeisha tumboni, na bado kuna risala, ngoma, na utambulisho wa watu ambao kazi yao siku hiyo ni kutambulishwa. Nimetunza waendeshaji wengi ambao miguu yao ilikuwa ya kushindana na dunia nzima, wakamalizwa na hotuba.

Kabula hotuba hazikummaliza. Alizoea kusimama juani na mayai.

Alikuja karakana kwa miguu yake, binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, anasukuma baiskeli ya mzigo yenye trei kumi na tano nyuma. Alikuwa akichukua mayai kwa wafugaji upande wa Usagara na kuyaleta Buhongwa na mjini.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Una nini?”

“Gurudumu la nyuma linayumba. Yai moja limevunjika.”

“Moja tu? Kutoka Usagara?”

“Moja, babu,” akasema, na aibu ilimjaa usoni kama aliyeua mtu.

Nikamwambia ashushe trei. Wakati nafanya kazi, yeye alikaa chini akichukua mayai mawilimawili na kuyagonganisha taratibu, sikio karibu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema yai lenye ufa halionekani kwa macho, lakini likigongwa linasema. Zima lina sauti kavu, lenye ufa lina sauti ya kukwaruza. Nikamtazama yule binti nikamkumbuka Bwire, na sitaficha, nilifurahi sana.

Alipoondoka nilitoka nje kumwangalia. Mgongo hautikisiki, mabega yametulia, miguu inazunguka bila kushtuka. Mtu anayependa sifa huendesha kwa kichwa na mabega, watu wamwone anavyoumia. Huyu alikuwa na trei kumi na tano nyuma, hakuwa na ruhusa ya kuumia.

Nilimshauri ajiandikishe mbio za wanawake. Siku ya mashindano mbio za wanawake ziliwekwa baada ya kwaya, ili watu wapate nafasi ya kwenda kula. Kabula alimaliza mapema mno, akakuta utepe haujafungwa na mwamuzi amekwenda kununua muwa. Akashuka, akamsubiri. Mwamuzi alipofika alimwambia arudi nyuma kidogo avuke tena, kwa ajili ya picha. Akarudi, akavuka. Wa pili bado haonekani.

Mwaka uliofuata hakuna mwanamke aliyemkaribia kanda nzima, na wanaume kadhaa walianza kuumwa tumbo asubuhi ya mazoezi. Video zake zikasambaa kwenye simu. Zikamfikia mama mmoja huko Ulaya, kocha wa timu ya kulipwa ya wanawake, aliyekuwa anatafuta waendeshaji wa Afrika. Mama yule hakuandika barua ndefu. Alisema atakuja Rwanda kwenye mashindano ya siku saba, anataka kumwona Kabula akipanda na akishuka milima, na ana nafasi moja tu. Kisha akamtumia baiskeli ya kaboni, imefungwa kwenye boksi kama jeneza la mtoto.

Jina kwenye boksi lilikuwa la Kabula. Mwenyekiti akalisoma kama jina la chama.

“Fundi, hii ni mali ya chama,” akaniambia. “Jumamosi kuna makabidhiano, mgeni rasmi ameshathibitisha. Igonge namba.”

Niliinyanyua kwa mkono mmoja, karibu nianguke, maana nilijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Sikuwahi kushika kaboni maishani mwangu. Nilijua kwa kusikia kwamba ni kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, si chuma. Hapo mtu mwenye akili angesema, Mwenyekiti, kitu hiki sikijui, tumpigie simu aliyekituma. Lakini karakana ilikuwa imejaa watu waliokuja kuishangaa, na wote walinitazama mimi, fundi mkuu. Kusema sijui kulinishinda. Nikavaa miwani, nikasafisha koo, nikafungua kopo la Bwire.

Mwenyekiti alitaka namba ikae kwenye bomba la chini, ubavuni, ionekane kwenye picha. Namba ya kwanza nikapiga kidogo, ikakaa. Nikapata moyo. Namba ya pili nikapiga sawasawa, na ile baiskeli ikatoa sauti niliyoisikia mpaka kwenye meno. Ilikuwa sauti ya kukanyaga ganda. Nikapapasa, hakuna kitu. Nikatazama, mstari mwembamba kama unywele, ungeweza kusema ni rangi tu.

“Mwenyekiti,” nikasema, “hii baiskeli imelia vibaya.”

“Baiskeli hailii, Fundi. Malizia, waandishi wanakuja.”

Nikamalizia. Na kwa kuwa kulikuwa na stika ya chama yenye mkuki na samaki, kubwa kama sahani, nikaibandika palepale juu ya namba na juu ya ule unywele. Mwenyekiti alilalamika kwamba namba haionekani tena, kisha akaona stika inavyopendeza, akaridhika. Nami nilijiambia ni rangi tu. Nilijiambia hivyo Alhamisi, nikajiambia Ijumaa, na Jumamosi nikajiambia mara nyingi zaidi.

Mgeni rasmi alifika saa saba. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa furaha, na baada ya hotuba akataka kupigwa picha amekaa juu ya baiskeli. Vijana wawili wakamshika huku na huku, akapanda. Mungu anisamehe, niliomba ivunjike palepale, chini ya yule baba wa watu, ardhini kwenye zulia, nipate aibu mchana kweupe na yaishe. Ilikwaruza kidogo tu. Watu wakapiga makofi.

Kabula alisikia. Nilimwona alivyogeuza kichwa. Alipokabidhiwa alipiga goti kidogo kwa heshima, akashukuru, kisha akanisogelea mimi pembeni ya turubai.

“Babu, imekwaruza wapi?”

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anatabasamu kwenye kamera. Nilifikiri kazi yangu, nikafikiri jina langu, nikafikiri wale waliosimama karakana wakinitazama nikipiga. Sikumfikiria yeye.

“Ni siti tu,” nikasema. “Iko nzima, mwanangu.”

“Haya, babu,” akasema, akaamini. Kwa nini asiamini?

Jumapili nikaenda kanisani, sikusikia neno hata moja. Katikati ya mahubiri nilikumbuka kwamba asubuhi ile angekuwa anaijaribu barabara ya Shinyanga, na kwamba baada ya Buhongwa kuna mteremko ambao yeye huushuka bila kugusa breki. Nikainuka mbele ya mke wangu na waumini wote, nikatoka, nikapanda bodaboda nikiwa na suti. “Kimbiza,” nikamwambia. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia, “Bado.” Kijana wa watu akakimbiza kweli, tai yangu ikiwa begani.

Nilimkuta juu, pale mteremko unapoanzia. Amekaa kwenye nyasi, baiskeli ameigeuza magurudumu juu, stika ameibandua na kuiweka pembeni vizuri kama mtu anayetunza karatasi ya duka. Alikuwa anagonga lile bomba kwa kifundo cha kidole, kutoka mbele kwenda nyuma, sikio karibu. Akifika penye namba sauti inabadilika. Anarudi tena mwanzo.

“Umenifuata, babu.”

“Nimekufuata.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu namba ya pili.”

Hakupiga kelele. Ningependa angenipigia kelele, angenitukana hata kwa Kisukuma chote. Malori mawili yakapita, kisha akasema, “Mimi nikiwa na yai lenye ufa namwambia mteja, mama, hili lina ufa, likaange leo. Hata mteja nisiyemjua namwambia. Wewe babu nakujua.”

Nikalia. Mzee mzima, suti ya kanisani, kando ya barabara ya Shinyanga, mwenye bodaboda ananitazama na kuzima injini kwa heshima.

Jumatatu nilikwenda kwa Mwenyekiti nikasema yote. Aliunda kamati ndogo. Kamati ilikunywa chai kutoka kwenye birika lenye namba, ikaona kwamba baiskeli ilikuja na udhaifu wa kiwandani. Nikawaambia udhaifu wa kiwandani ni mimi. Wakasema hilo halitaandikwa. Swali moja lililowasumbua ni kama stika itaonekana Rwanda.

Tulibaki na siku tisa. Nilishusha fremu ya chuma ya Bwire kutoka darini. Magurudumu, gia, breki na usukani nikavihamisha kutoka ile ya kaboni. Mahali pasipoingiliana nilisugua kwa tupa, nikajaribu, nikasugua tena, na nyundo nilimpa mke wangu aifiche. Tatizo kubwa lilikuwa ekseli ya pedeli, matundu hayakulingana, nikachongesha vikombe vipya vya kuishikilia kwa fundi wa mashine za samaki. Sikulala vizuri wala sikuongea sana. Ilipokamilika ilikuwa nzito kuliko kaboni, lakini ilikuwa inazunguka kimya. Mwenyekiti akaja na stika. Ikabandikwa, chama kikapona.

Nikamwita Kabula. “Iko nzima,” nikamwambia, neno lilelile nililomdanganya nalo.

Hakupanda. Alichuchumaa, akaigonga yote mbele yangu, bomba kwa bomba, mpaka kwenye ncha za nyuma, taratibu, kwa kifundo cha kidole. Nilisimama na tambara mkononi kama mtoto anayesahihishiwa daftari. Alipomaliza akasema, “Haya, babu.” Maneno yaleyale ya Jumamosi, lakini safari hii aliyesikiliza ni yeye.

Rwanda nilikwenda kama fundi. Kupanda, wenye baiskeli nyepesi walimwacha, nisiwadanganye. Siku ya nne mvua ikanyesha mlimani. Wakashuka kama walivyofundishwa kwenye barabara kavu, mmoja akaingia mtaroni, wawili wakamfuata, wengine wakashika breki mpaka chini. Kabula alishuka na trei zake kumi na tano zisizoonekana. Mgongo hautikisiki. Hakushinda mashindano, alikuwa wa saba, ila yule mama kocha baada ya mteremko ule hakumtazama mwingine. Jioni alikuja kwenye hema letu, akainyanyua baiskeli, akacheka kwa uzito wake, kisha akauliza kwa mkalimani ile ya kaboni iko wapi.

Kabula akanitazama. Mimi nikafungua mdomo, nikamweleza yote, nyundo, namba, stika na lile neno. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kitu, mkalimani akasita kidogo kukitafsiri. “Anasema, kwake fundi wa namna hiyo hangeshika tena hata pampu.”

“Mwambie ana haki,” nikasema.

Sasa Kabula yuko mwaka wa tatu huko, analipwa kwa kuendesha, na sisi tunamtazama kwenye simu ya binti yangu tukigombea kioo. Fremu ya kaboni imetundikwa ofisini kwa Mwenyekiti, juu ya kiti chake, imegongwa namba. Wageni wanaonyeshwa baiskeli iliyompeleka Kabula Ulaya. Kwenye hafla yangu ya kuagwa, Mwenyekiti aliigusa akasema kila kitu kilianzia hapa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufanya naye kazi alikuwa amesema kweli.

Kabla ya kila mbio mtamwona Kabula anafanya kitu kimoja. Mafundi wa timu wanamletea baiskeli imeng'aa, wanatabasamu, wanamwambia iko tayari. Yeye anachuchumaa. Anaigonga kwa kifundo cha kidole kutoka mbele kwenda nyuma, sikio karibu, bomba kwa bomba, mafundi wamesimama. Ndipo anapanda. Watangazaji wa huko wanapenda sana, kamera huwa zinamsubiri. Binti yangu alinisomea gazeti moja limeandika kwamba ni mila ya kabila lake, kwamba anaomba baraka za mizimu ya ziwa. Mwenyekiti amelikata gazeti hilo na kulibandika ukutani.

Hakuna mila hapo, vijana. Hapo ni mimi.